Picha na video za Siku ya Kiswahili: mwisho Ijumaa saa 12 jioni

Habari zenu ndugu zangu. Tunakutana Jumamosi saa 4 asubuhi, ukumbi wetu wa kawaida, Ntinda. Mchango wa kuchapisha picha ni Sh 10,000 kila mmoja.

1. Picha: tumeni kama faili, si kama picha ya kawaida. WhatsApp huibana picha. Simuni inapendeza, lakini kwenye karatasi nyuso huwa na ukungu na kingo za herufi huchakaa. Kwa karatasi ya A4 tunahitaji pikseli (vidoa vinavyounda picha) 2480 kwa 3508. Ikiwa ndogo, msiikuze kwa programu, nitumieni ilivyo.

2. Video: simu ishikwe kwa kulala upande, pikseli 1920 kwa 1080, faili ya MP4 iliyobanwa kwa mfumo wa H.264. Simu nyingi mpya hurekodi kwa mfumo mpya zaidi, H.265, na kompyuta yetu ya projekta, ambayo ni ya zamani, huonyesha giza tupu huku sauti ikisikika. Badilisheni kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kurekodi. Dakika 1 isizidi MB 60 hivi.

Msifute faili asili, tafadhali sana.

Ukishasoma, jibu hapa NIMEPATA, pamoja na idadi ya picha utakazoleta. Asanteni.