Vittek hakuwa nyota wa mwezi mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala iliyotoka hivi karibuni katika kurasa zenu za michezo, ambamo mwandishi wenu alimtaja Róbert Vittek, mshambuliaji aliyeng'ara na Slovakia katika Kombe la Dunia la mwaka 2010, kuwa ni mfano wa "nyota wa mwezi mmoja", yaani mtu aliyewaka Juni ile kule Afrika Kusini kisha akazimikia Uturuki. Kutokana na mfano huo aliwahimiza vijana wetu wasingojee, bali wadandie ndege ya kwanza itakayowapeleka ng'ambo kabla bahati haijawapita. Mimi nimefundisha michezo katika shule za sekondari hapa Jinja mpaka nilipostaafu, na maisha ya mchezaji huyo nimeyafuatilia kwa muda mrefu. Kwa maoni yangu mwandishi ameyasoma kinyumenyume.

Nilimjua Vittek jioni ya tarehe 24 Juni 2010, nikiwa katika kibanda kimoja cha kuonyeshea mpira hapa Walukuba. Kibanda kilikuwa na mabenchi ya mbao, jenereta lililofungwa mnyororo kwenye mwembe ili lisiibwe, na ubao mweusi mlangoni ambao kijana wa kupokea kiingilio alikuwa ameandika kwa chaki: ITALIA NA SLOVENIA, SAA 11 JIONI. Nilimwambia kwamba Slovenia walikwisha fungwa na Uingereza jana yake na kuaga mashindano, na kwamba wanaocheza leo ni Slovakia. Alinitazama kama mtu ninayemcheleweshea biashara, akaniuliza, "Mwalimu, kwani si walewale?" Ubao ukabaki vilevile.

Karibu wote tuliokaa mle tulikuja kuitazama Italia, bingwa wa dunia wa mwaka 2006, ikijinusuru. Dakika ya 25 Daniele De Rossi alipoteza mpira kizembe mbele ya lango lake, Juraj Kucka akaunasa na kumpenyezea mwenzake mwenye jezi namba 11, naye akapiga shuti la chini lililompita kipa na kutinga pembeni. Kibanda kilinyamaza, zikasikika vuvuzela za uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, na jenereta letu tu. Hata hivyo, ni bao la pili, la dakika ya 73, lililonifanya nitoe kitabu cha mahudhurio mkobani na kuandika jina lake nyuma ya jalada. Baada ya kona iliyookolewa nusunusu, Marek Hamšík aliuchapa mpira chini kutoka upande wa kulia. Vittek alikuwa mgongoni mwa Giorgio Chiellini, mahali ambapo mshambuliaji wetu wa kawaida husimama akiinua mkono na kulalamika kwamba hajapasiwa. Yeye alipiga hatua mbili fupi, akapita mbele ya beki na kuugusa mpira kabla Chiellini hajajua kwamba amepitwa. Hatua mbili hizo nilizifundisha kwa miaka iliyofuata, nikisimamisha tairi kuukuu mahali pa Chiellini, na ni wanafunzi wachache sana walioziweza, kwa kuwa si suala la mbio bali la kujua mapema mpira utapita wapi.

Slovakia ilishinda mabao 3 kwa 2 na Italia ikarudi nyumbani ikiwa ya mwisho katika kundi lake. Siku nne baadaye, mjini Durban, Waholanzi waliwatoa Waslovakia kwa mabao 2 kwa 1, na bao hilo moja la Slovakia, mkwaju wa penalti katika dakika za nyongeza, lilikuwa la Vittek pia. Katika mabao 5 ambayo nchi hiyo ilifunga kwenye mashindano yale, yake yalikuwa 4, likiwemo la kichwa dhidi ya New Zealand katika mechi ya kwanza, na siku alipotolewa alikuwa sawa na Gonzalo Higuaín wa Argentina kileleni mwa orodha ya wafungaji. (Sisi Waganda mashindano yale tunayakumbuka kwa jambo jingine pia, mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai yaliyowaua watu waliokaa kutazama fainali, kama sisi tulivyokuwa tumekaa Walukuba.)

Huo ndio mwezi ambao mwandishi wenu ameuona. Alikuwa wapi kabla ya hapo?

Vittek alizaliwa Bratislava mwaka 1982 na kukulia kisoka katika klabu ya mjini kwao, Slovan. Hakutolewa kwao akiwa mtoto. Alicheza ligi ya nyumbani, akagongwa na mabeki watu wazima, akaitwa timu ya taifa, na alipoondoka mwaka 2003 alikuwa na umri wa miaka 21. Tena hakwenda kwenye klabu ya kutajwa vijiweni. Alikwenda Nürnberg, klabu ya Ujerumani iliyokuwa imetoka kushuka daraja mwaka uleule, kwa hiyo msimu wake wa kwanza ugenini aliucheza katika ligi ya daraja la pili. Mslovakia mwenzake, Marek Mintál, alisajiliwa hapo wakati uleule akitokea Žilina, akawa mfungaji bora wa daraja la pili, na msimu uliofuata, timu ilipopanda, akawa mfungaji bora wa ligi kuu ya Ujerumani nzima kwa mabao 24. Leo kijana wa hapa akisaini daraja la pili popote pale, tunamwandika kana kwamba amefiwa.

Kilichofuata kinanivutia zaidi kuliko hata mabao ya Johannesburg. Katika msimu wa 2005/06 Nürnberg ilianza vibaya mno, ikakaa mkiani, kocha akafukuzwa na kuletwa mzee Hans Meyer. Vittek alimaliza msimu huo akiwa na mabao 16, mengi sana yakiwa ya nusu ya pili ya msimu, na timu ikajinasua. Mshambuliaji anayefunga timu ikiwa mkiani, wakati pasi za kumfikia ni chache na uwanja mzima unazomea, ni mtu wa aina nyingine kabisa na yule anayefunga timu ikiwa inaongoza. Alikaa Nürnberg miaka mitano. Alikuwa mmoja wa wachezaji wake mwaka 2007 ilipotwaa Kombe la Ujerumani, na iliposhuka tena mwaka 2008 ndipo alipohamia Lille ya Ufaransa.

Huko Lille mambo hayakumnyookea. Hapa ndipo mwandishi wenu na mimi tunapoachana kabisa, maana yeye anasema Vittek "alishuka" kwenda Uturuki. Mwanzoni mwa mwaka 2010, Slovakia ikiwa imekwisha fuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu iwe nchi huru mwaka 1993, mchezaji huyu alikuwa na njia mbili. Angeweza kubaki Ufaransa akila mshahara mzuri benchini, au kwenda kucheza. Alikwenda kwa mkopo Ankaragücü, klabu ya Ankara ambayo wengi wetu hata kuitamka hatuwezi, ili miguu yake iwe na mechi ndani yake ifikapo Juni. Zile hatua mbili mbele ya Chiellini hazifanywi na mtu aliyekaa benchi miezi sita. Alikwenda Uturuki kabla ya Kombe la Dunia, si baada yake, na nadhani bila Ankara tusingepata kumwona Johannesburg kama tulivyomwona.

Baadaye alicheza Trabzonspor, hukohuko Uturuki, akapambana na majeraha, akarudi Slovan alikoanzia. Aliichezea timu ya taifa mechi 82 na kuifungia mabao 23, rekodi ya mabao ya nchi hiyo iliyodumu mpaka Hamšík alipokuja kuipita. Mwezi mmoja gani unaozaa hesabu kama hiyo?

Simwandikii Mhariri ili nimtetee Mslovakia ambaye hanijui wala hahitaji utetezi wangu. Naandika kwa sababu ushauri uliofungiwa ndani ya makala ile nimeuona ukifanya kazi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi, mshambuliaji, mmoja wa wale wachache waliozielewa hatua mbili zile za kwenye tairi. Akiwa na miaka 17, wakala mmoja alifika nyumbani kwao na shati jeupe na simu tatu, akawaambia wazazi kwamba klabu ng'ambo inamngoja na kwamba akichelewa nafasi atapewa mwingine. Baba yake aliuza kipande cha shamba la miwa. Nilipouliza ni mkataba au majaribio, niliambiwa, kwa heshima zote, "Mwalimu, usimzibie mtoto riziki." Alirudi baada ya miezi minne, amekonda, amejaribiwa na timu mbili zisizoweza hata kumsajili kisheria. Kanuni za FIFA zinakataza kumsajili mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi nyingine isipokuwa kwa masharti machache, ambayo kijana wa Jinja aliyeondoka bila wazazi ni vigumu sana kuyatimiza. Wakala hajaonekana tena. Kijana sasa anaendesha bodaboda kati ya stendi na soko kuu, na kila anaponibeba anakataa nauli, jambo linaloniumiza kuliko kama angeidai.

Mwandishi wenu anaweza kunijibu kwamba Hamšík huyohuyo aliondoka Slovan kwenda Brescia ya Italia akiwa na miaka 17, na mambo yakamnyookea hadi akawa nahodha wa Napoli. Ni kweli, nami sina haja ya kulificha hilo. Lakini kati ya Bratislava na Brescia ni safari ya siku moja kwa gari, nchi zote mbili zilikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya mwaka huo wa 2004, na klabu iliyomchukua ilikuwa imekwisha mwona akicheza. Hakuuza shamba mtu. Tena yeye alikuwa kiungo, na kiungo mwenye kipaji hupata mpira hata timu ikicheza vibaya, ilhali mshambuliaji asiyejiamini hukaa dakika 90 akitazama migongo ya mabeki.

Mfano wa karibu zaidi ni David Strelec, mshambuliaji, naye wa Slovan. Alikwenda Spezia ya Italia mwaka 2021, akapelekwa kwa mkopo Reggina, hakupata alichokitafuta, akarudi nyumbani mwaka 2023. Kwetu angetungiwa utani wiki nzima redioni. Yeye akacheza Slovan, akafika nayo Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, na mwaka 2025 akanunuliwa na Middlesbrough ya Uingereza, ambayo wakati huo nayo ilikuwa daraja la pili. Septemba mwaka huohuo aliifunga Ujerumani mjini Bratislava, katika mechi ambayo Slovakia ilishinda mabao 2 kwa 0.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Mshambuliaji wetu Majid Musisi alikuwa mtu mzima, aliyekomazwa na klabu ya hapa nyumbani, SC Villa, alipokwenda Rennes ya Ufaransa mwaka 1992, na baada ya hapo alicheza Uturuki, kwenye klabu ya Bursaspor, bila mtu yeyote hapa kusema ameshuka. Farouk Miya, ambaye bao lake dhidi ya Komoro pale uwanja wa Namboole mwaka 2016 lilituvusha kwenda Kombe la Afrika baada ya kusubiri tangu 1978, hakupata nafasi ya kutosha Ubelgiji, akaitafuta Croatia katika klabu ndogo ya Gorica, kisha Konyaspor ya Uturuki. Ni njia ileile ya Vittek, ya kufuata dakika za kucheza badala ya jina la klabu, lakini kurasa zenu ziliandika zaidi juu ya alikotoka kuliko juu ya alichokuwa akikifanya kule alikokwenda.

Kuna na hesabu ya fedha, ambayo sitaichambua sana. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine katikati ya mkataba, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kijana aliyecheza misimu mitatu katika klabu ya hapa, kwa usajili unaoeleweka, huiachia klabu hiyo haki ya kudai fungu lake kila atakapouzwa. Aliyetoroshwa na wakala akiwa na miaka 17 huiachia klabu picha ya pamoja ukutani.

Ombi langu ni dogo. Kila Jumatatu mnachapisha orodha ya Waganda wanaocheza nje, jina la mchezaji na jina la klabu yake. Ongezeni safu ya tatu: dakika alizocheza wikendi hiyo. Wazazi wataisoma, na wakala atakayekuja na simu tatu atakuta baba ameshika gazeti.

La mwisho, Mhariri, na hili naliandika kwa masikitiko ya mtu aliyekwisha kulisahihisha mara moja, mlangoni mwa kibanda, miaka mingi iliyopita: katika maelezo ya chini ya picha ya Vittek mmeandika "mshambuliaji wa Slovenia".

Wako,
Mwalimu mstaafu wa michezo,
Walukuba, Jinja.