Kinga ya kompyuta yako inapokataa kujisasisha

Umoja, Nairobi

Kwako Mwende,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Picha ya skrini uliyonitumia, inayoonyesha Defender, kinga inayokuja na Windows, ikiwa imezimwa na kukataa kujisasisha, imenifikia. Tafadhali usimlipe fundi aifute Windows, wala usinunue antivairasi nyingine kwa sasa. Namba iliyo chini ya ule ujumbe, 0x80072f8f, inatuonyesha pa kuanzia.

Namba hiyo hutokea mara nyingi kompyuta inapokataa kukiamini cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali, cha seva inayotoa masasisho. Kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Saa ya mashine ikirudi nyuma miaka kadhaa, cheti huonekana hakijaanza kutumika, na masasisho hukwama. Tazama pembe ya chini kulia: tarehe ni ya leo? Dalili nyingine ni tovuti nyingi, hata ya benki, kukuonya kwamba muunganisho si salama.

Fungua Settings, kisha Time & language, kisha Date & time. Chagua saa za Nairobi, UTC+03:00, maana mashine ya mtumba huweza kufika ikiwa bado na saa za ilikotoka. Washa Set time automatically, bonyeza Sync now, halafu jaribu kusasisha tena.

Saa ikipotea kila stima inapokatika, betri ya ubao mkuu imekwisha. Ni CR2032 ya volti 3, bapa kama sarafu, na maduka ya Luthuli Avenue, hapa Nairobi, huziuza. Zima mashine, chomoa waya ukutani, ndipo ufungue ubavu. Sukuma kishikizo kidogo cha pembeni, betri itachomoka. Weka mpya, alama ya + ikikutazama. Ukiwasha mara ya kwanza, ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, uweke tarehe. Mtu asiiguse ikiwa na umeme, hata akikuambia amezoea.

Kama tarehe ni sahihi na Defender bado imezimwa, tafuta antivairasi ya majaribio iliyokuja na mashine. Defender hujiweka kando ikiona nyingine imesajiliwa, na ile nyingine muda wake ukiisha inaweza kubaki hapo bila kukulinda vilivyo. Iondoe kupitia Settings, Apps. Mabaki yakikataa kutoka, tumia kifutio cha kampuni yenyewe: MCPR kwa McAfee, au Avast Clear kwa Avast, ambacho hufanya kazi vizuri zaidi katika Safe Mode, yaani Windows ikiwashwa na vitu vya msingi tu. Kisha washa upya.

Ninaloliogopa zaidi ni hili. Kama Windows hiyo iliamilishwa kwa programu ya kukwepa leseni, aliyeiweka huenda aliiamuru Defender isikague folda fulani, pengine diski nzima. Ingia Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka hadi Exclusions. Ukikuta C:\ imeandikwa hapo, iondoe mara moja. Mlango wote ulikuwa wazi. Hifadhi kazi zako, kisha rudi kwenye Scan options na uchague Microsoft Defender Offline scan. Mashine itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijapanda, kwa kama dakika 15. Stima ikiyumba siku hiyo, ahirisha.

Faili za mfumo nazo huharibika umeme ukikatika ghafla. Windows ina amri mbili za kuzirekebisha, DISM na sfc. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, uandike DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, na ikimaliza, sfc /scannow. Usibadilishe mpangilio huo: sfc huchukua nakala safi kutoka ghala ambalo DISM hulirekebisha. DISM huweza kuhitaji intaneti, basi uwe na bando la kutosha.

Hadi ukaguzi huo upite safi, usiingie benki wala barua pepe kwenye mashine hiyo. Na ukipata namba nyingine ya hitilafu, nitumie yote, tangu 0x hadi herufi ya mwisho.

Rafiki yako,
Baraka