Msikate vibwagizo vya mashairi

Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa mashairi, ubeti wa kwanza huchapishwa mzima, lakini kuanzia wa pili mshororo wa nne, yaani mstari wa mwisho wa ubeti, huondolewa, zikawekwa nukta tatu mahali pake. Najua nafasi gazetini ni finyu. Najua pia kwamba anayepanga ukurasa anaweza kuona hakuna hasara kuacha maneno ambayo msomaji ameshayasoma. Hasara ipo, tena kubwa, na nawaomba mnisikilize.

Shairi la tarbia lina mishororo minne katika kila ubeti. Mshororo wa nne ukirudiwa vilevile hadi mwisho wa shairi ndio kibwagizo. Wengine hukiita kiitikio, kipokeo au mkarara. Ukibadilika kila ubeti, huo ni kimalizio, au kiishio. Vyovyote uitwavyo, ni kiungo cha ubeti, una mizani yake, yaani idadi ya silabi, na vina vyake, yaani silabi za mwisho zinazolingana. Ukiung'oa, tarbia inageuka tathlitha, shairi la mishororo mitatu kwa ubeti, na mwanafunzi anayesoma gazeti lenu akihesabu mishororo anapotoka.

Nadhani mazoea haya yametokana na namna nyimbo za siku hizi zinavyoandikwa. Katika Bongo Fleva kibwagizo, au korasi kama wengi wanavyosema, husimama nje ya ubeti. Kina sauti yake, mara nyingi ndiyo sehemu anayoikumbuka hata mtu asiyejua beti zenyewe, na wakati mwingine ndicho kinachofungua wimbo. Kwenye karatasi unakiandika mara moja, kisha kila kinapofika unaandika tu "kibwagizo". Kwa wimbo wa aina hiyo hakuna ubaya. Shairi ni jambo jingine: kibwagizo chake kimo ndani ya ubeti, na mishororo mitatu ya juu imetungwa ikikielekea.

Nimetunga beti mbili ili nisiseme kwa maneno matupu:

Jirani yangu jirani, nyumba yako umejenga,
Joto limejaa ndani, upepo umeupinga,
Watoto wamo jashoni, wakubwa nao wachanga,
Mlango ukiufunga, na dirisha lifungue.

Mmetupiana neno, na shauri mkapinga,
Hampeani mkono, mwapitana mkiringa,
Yangalipo mapatano, wenye hekima huunga,
Mlango ukiufunga, na dirisha lifungue.

Katika ubeti wa kwanza dirisha ni dirisha, la mbao au la vioo, na ushauri ni wa hewa. Katika wa pili hakuna nyumba wala joto. Kuna watu wawili waliogombana, na dirisha limekuwa ile nafasi ndogo ambayo mtu mwenye busara humwachia mwenzake arudi. Hakuna hata silabi moja iliyobadilika, lakini maana imehama. Sasa wekeni nukta tatu mahali pa mshororo ule katika ubeti wa pili mwone kinachobaki: ugomvi na nasaha ya jumla. Shairi limekufa hapo hapo. Ndiyo maana huwa sitosheki na jibu wanalokaririshwa wanafunzi, kwamba kazi ya kibwagizo ni "kusisitiza ujumbe". Kusisitiza kupo, lakini kibwagizo kizuri hukua. Kinapokuja mara ya tano kinabeba yote yaliyosemwa katika beti nne zilizotangulia.

Kuna pia upande wa sauti. Sheikh Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni wimbo na sharti liimbike. Mimi niko upande wake katika hili, ingawa najua wapo wanaopinga. Shairi likighaniwa mbele ya watu, mishororo mitatu ni ya mghani na wa nne ni wa hadhira. Mara ya kwanza wanasikiliza. Mara ya pili wachache wanadokoa vina. Kufikia ubeti wa tatu ukumbi mzima unapokea, na mghani anaweza hata kunyamaza wakammalizia. Ngoma zetu nyingi zinakwenda hivyo, kiongozi anatoa na watu wanaitikia, na katika taarabu nao waitikiaji wana kazi yao wanayoijua. Msomaji wa gazeti naye husoma kwa sauti ya ndani. Akikuta nukta, sauti inakatika na mahadhi yanapotea.

Msinielewe kwamba kila utungo lazima uwe na kibwagizo. Utenzi hauna; wenyewe umeshikwa na kina cha mwisho kinachopita katika beti zote, hata zikifika mamia. Ila mtunzi aliyeamua kuweka kibwagizo amefanya hivyo kwa makusudi, na katika mashairi ya kujibizana makusudi hayo yanaonekana wazi kabisa, kwani mwenye kujibu huweza kukichukua kibwagizo cha mwenzake akakipindua dhidi yake. Magazeti ndiyo yaliyolea malumbano hayo tangu enzi za gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Ni huzuni gazeti la leo kuwanyima washairi silaha hiyo kwa ajili ya sentimita chache za karatasi.

Ombi langu ni dogo. Nafasi isipotosha, chapisheni beti nne kamili badala ya sita zilizokatwa, na zilizobaki ziwekeni toleo linalofuata. Au mwambieni mtunzi afupishe mwenyewe. Yeye anajua ubeti upi unaweza kutoka. Na pale mnapoandika "kibwagizo" chini ya mshororo unaobadilika kila ubeti, tafadhali rekebisheni muandike "kimalizio".

Wenu,
Msomaji wa ukurasa wa mashairi