Mbuzi Wetu Hawagandi

Kaskazini mwa Vermont, Marekani
18 Januari

Mpendwa Mama Tedi,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Unaona, ile barua tuliyokuwa tukinakili shuleni bado ninayo kichwani! Madhumuni ya barua hii ni kukujibu, maana ujumbe wako wa sauti niliupata nilipoteremka mjini. Huku juu mtandao haufiki. Umeuliza, kwa ile sauti yako ya msibani, kama hawa mbuzi hawagandi, ukashauri tuwaingize ndani tulale nao.

Hawagandi, shoga yangu. Leo alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi 27 chini ya sifuri, nikawakuta wamejilaza wanacheua, barafu nyembamba imewafanya weupe mgongoni. Tangu siku zilipoanza kufupika wameota sufu laini chini ya manyoya yao ya kawaida, na hiyo ndiyo blanketi. Ile baridi ya mwezi wa saba kule kwetu Nyandira, milimani Mgeta, iliyokuwa ikitujaza jikoni kwa mama yako, wao wangeivulia sweta. Joto jingine linatoka tumboni: nyasi kavu zikichachuka kwenye tumbo la kwanza, mnyama anapata moto usiku kucha. Kwa hiyo usiku wa baridi kali hatuwaongezei mahindi wala pumba, tunawaongezea nyasi. Mmoja hula karibu kilo 2 kwa siku, na usiku kama wa jana nawajazia hori mpaka pomoni.

Sasa lile litakalokuudhi. Unakumbuka bwana mifugo alivyotukazania banda la kuinuliwa, sakafu ya mbao zilizoachana ili kinyesi kidondoke chini? Ukija huku utanigombeza mlangoni, maana mbuzi wangu wanalala juu ya samadi yao, tena kwa makusudi. Tangu Novemba sijazoa kitu. Majani wanayolalia yakichafuka natandika makavu juu yake, tabaka juu ya tabaka, na kule chini yanaoza yakitoa joto. Chimba kidogo kwa mkono, utahisi vuguvugu. Theluji ikiisha tutayachimbua yote, siku ambayo mgongo wangu unaiogopa kuanzia sasa, kisha yataenda bustanini. Banda lako zuri la Mgeta huku lingewamaliza, kwa vile upepo ungepita chini ya matumbo yao. Mbuzi aliye mkavu, asiyepigwa na upepo, baridi hii anaistahimili. Akilowa, au upepo ukimpata, hapo ndipo utamzika.

Na usidhani tumeziba kila tundu. Juu, karibu na paa, tumeacha wazi hata usiku kama huu. Mkojo unatoa amonia, na hewa ikikosa pa kutokea mapafu yanaungua, halafu mbuzi wanapata nimonia ndani ya banda ambalo mwenyewe unajisifu lina joto. Wengine huning'iniza taa za kupasha joto. Taa hizo huanguka kwenye majani makavu na kuteketeza banda na waliomo. Hata tungezitaka, umeme wa kuziwasha hatuna.

Umeme wetu ni wa sola, na mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili urefu wa mchana haufiki saa tisa. Jua lenyewe linapita chini chini upande wa kusini, kama mtu anayekwepa wadai. Paneli tumezisimamisha karibu wima ili theluji iteleze, na bado natoka na ufagio kila ikianguka. Betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo wanaolala ndani na sisi ni betri, siyo mbuzi. Taa, simu, redio, basi. Nyumba tunaipasha kwa kuni zilizopasuliwa tangu mwaka juzi. Zikiwa mbichi zinaacha lami ndani ya dohani, na siku lami ikishika moto nyumba inakwenda.

Kazi hasa ni maji. Bomba la kisima limefukiwa mita moja na nusu lisigande, lakini ndoo ikishafika bandani inaanza kuvaa barafu kabla sijamaliza kufagia hori. Mbuzi maji ya hivyo hawayataki, na madume yaliyohasiwa yasipokunywa vya kutosha hupata mawe kwenye njia ya mkojo. Basi asubuhi na jioni nabeba ya moto kutoka jikoni, nikipita kwenye mfereji niliouchimba kwa koleo katikati ya theluji. Mzee anacheka kwamba nimevuka bahari kuja kuteka maji.

Utanihurumia kwenye chai tu. Mbuzi wa huku hupandwa majira ya vuli siku zinapofupika, wanabeba mimba miezi mitano, wanazaa karibu wote kwa mpigo theluji ikianza kuyeyuka. Hivyo sasa tumeacha kukamua ili wapumzike kabla ya kuzaa, na mimi nakunywa ya rangi. Wewe, na wajukuu wa wale mbuzi wa Norwe walioletwa Mgeta miaka ya 1980, unakamua mwaka mzima na hujui neema uliyonayo.

Baridi nimeizoea. Giza la saa kumi na nusu jioni sijalizoea, wala sidhani nitalizoea. Likinizidi namwambia mzee twende Burlington. Kule wapo Wakongo na Warundi wanaonunua madume yetu kwa sherehe zao, na bei tunaipatana kwa Kiswahili mpaka sauti inakauka. Wananipunja, najua, ila narudi nimesema maneno ya mwezi mzima.

Sasa na wewe nijibu: lile beberu la kikundi mmelibadilisha? Mabinti zake wa mwaka juzi wameshafika umri wa kupandwa, na mkizembea litawapanda hao hao. Waambie walipeleke kijiji kingine, wabadilishane, hata kama wenye nalo watanuna.

Msalimie Tedi na bibi. Kisanduku cha posta kiko chini barabarani, ngoja nivae viatu vya theluji kabla gari la barua halijapita.

Rafiki yako,
Mama Rehema