Kumbi za dansi za Dar nazo ni historia

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Kila ikifika zamu ya kueleza historia ya Dar es Salaam, tunatajiwa majengo yale yale: Boma la Kale, Nyumba ya Atiman, Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, Mnara wa Saa wa mwaka 1961. Sina ugomvi nayo. Ila watu wa jiji hili hawakuishi Bomani. Waliishi Ilala, Kariakoo, Magomeni na Kinondoni, na Jumamosi walikwenda dansi.

Nani ameandika habari za kumbi hizo? Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, Amana ya Ilala, Vijana na Lang'ata kule Kinondoni, White House ya Ubungo walikopiga Maquis du Zaire, DDC Kariakoo walikotamba bendi ya Mlimani Park, yaani Sikinde. Wa umri wangu hawahitaji kuelezwa. Unalipa kiingilio dirishani, unagongwa muhuri mkononi, unatafuta meza isiyokaa mdomoni mwa spika. Mwanzoni watu wametulia na bia zao, wanaotafutana wanatafutana kwa macho. Wimbo ukifika kwenye chemko hakuna anayebaki kitini, suruali za bugaluu na viatu vya raizoni vyote uwanjani. Shabiki aliyekolewa anapanda kumtunza mwimbaji: noti anaibandika kwenye paji la uso linalotiririka jasho, nayo inaganda pale pale, mwimbaji anaendelea kuimba. Ushabiki wa Sikinde na wapinzani wao Msondo uligawa nyumba kama Simba na Yanga.

Muziki wenyewe umenusurika kwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) walirekodi bendi. Kumbi hazikupata bahati hiyo.

Na mitaa je? Mzee akisema alikuwa na fundi wake wa suti Acacia Avenue, kijana atajuaje kwamba ndiyo iliyokuja kuwa Independence, na leo Samora? Kichwele ni Uhuru, New Street ni Lumumba, Pugu Road ni Nyerere. Sinema ya magari ya Msasani, uliyoitazama ukiwa ndani ya gari, pale sasa upo ubalozi wa Marekani. Hoteli ya New Africa, iliyoanza kama Kaiserhof enzi za Mjerumani, ilivunjwa, jina likahamia kwenye jengo jipya.

Watakuwapo wa kusema hiyo ni kazi ya serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa ya kale majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sultani Majid mwenyewe alianza kuujenga mji huu miaka hiyo hiyo ya 1860! Maana yake karibu Dar yote iko nje ya mstari, mpaka waziri alitangaze jengo moja moja. Siioni siku waziri atakapotangaza baa.

Ndiyo maana naomba gazeti lako litenge kona ya wasomaji kuleta kumbukumbu hizo, lakini kwa masharti. Atakayeandika "enzi hizo ilikuwa raha tupu" arudishiwe barua yake. Ataje ukumbi, mtaa kwa jina la zamani na la sasa, bendi, mwaka. Aeleze alirudije nyumbani saa nane za usiku, mabasi ya Ikarus ya UDA, shirika la usafiri la jiji, yameshalala. Na yasiyopendeza yaandikwe pia: namna mwanamke aliyekuja dansi peke yake alivyoitwa majina, na vijana wa TANU walivyosaka sketi fupi na suruali za kubana ilipoanza Operesheni Vijana, Januari 1969. Zaidi ya yote watafutwe waliokuwa wahudumu wa baa. Sisi wateja tunakumbuka tulivyokuwa kabla ya chupa ya tatu. Wao wanakumbuka usiku mzima, na madeni yetu.

Haraka ipo. Picha nyingi za miaka ile zimo kwenye albamu za kurasa za gundi, na gundi ile inazila taratibu; ukizibandua kwa nguvu zinachanika. Mimi ninazo chache za Amana. Nitazileta ofisini kwenu mwenyewe, mzipige kopi nikiwa nimekaa hapo hapo, niondoke nazo.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam