Panya aliyefichwa aya ya mwisho

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari, lakini ile habari yenu ya kidonge "kinachozuia saratani kusambaa" imenishinda. Kichwa chake kilimeza nusu ukurasa. Kwamba kimejaribiwa kwa panya tu, tuliambiwa aya ya mwisho.

Shemeji yangu ana saratani ya mapafu. Aliukata ukurasa ule, akampelekea daktari, akataka abadilishiwe dawa siku hiyohiyo. Anatumia erlotinibu, ambayo, kama hicho kidonge chenu, ni dawa ya molekuli ndogo: inapenya hadi ndani ya seli na kuzima amri inayouambia uvimbe ukue. Alipoambiwa kwamba hicho kidonge chenu hakijamezwa na binadamu yeyote, alitoka pale akiamini anafichwa kitu. Sasa vidonge vyake anavitazama kama makombo ya karamu ya wengine, na sisi nyumbani ndio tunaombembeleza avimeze. Laiti mwandishi wenu angeuliza, angesimuliwa habari ya dawa iitwayo marimastati. Miaka ya 1990 ilitarajiwa izuie vimeng'enya ambavyo seli za saratani hutumia kumomonyoa tishu na kujipenyeza kwingine. Dawa za kundi hilo zilifanya maajabu kwa panya. Kwa wagonjwa, majaribio makubwa yaliambulia patupu, na wengi wakaishia na maumivu ya viungo. Isitoshe, kusinyaza uvimbe uliopo ni jambo moja, kuzuia seli zake zisihamie kwenye ini au mfupa ni jambo jingine. Ninyi mmeyachanganya katika sentensi moja.

Sisemi dawa hizi ni porojo. Imatinibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, na aina moja ya saratani ya damu iliyokuwa ikiua ndani ya miaka michache sasa watu wanaishi nayo hadi uzeeni. Lakini hiyo ilipimwa kwa watu kwanza, ndipo ikaidhinishwa.

Halafu lile tangazo la mizizi "inayosafisha damu", mmelibandika chini ya habari hiyohiyo! Hata balungi tu laweza kuvuruga kiwango cha baadhi ya vidonge hivi mwilini, sembuse mizizi isiyojulikana ina nini.

Ushauri wangu: kila dawa ambayo bado haijavuka maabara, chapeni picha ya panya kando ya kichwa cha habari, urefu usipungue sentimita nne, mkia usihesabiwe. Na huyo muuza mizizi mtozeni gharama ya wino.

Msomaji wenu, kwa sasa