Mwanangu, hiyo saini usiitie

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Shangazi yako alinipigia jana baada ya Isha, akanieleza kwa furaha kwamba yule mwenzako mnayekaa naye nyumba moja huko Dallas amepata gari, na kwamba wewe ndiye utakayemdhamini kwenye mkopo. Yeye aliona ni sifa. "Mtoto wetu ameaminiwa na mabenki ya Marekani," akasema. Mimi usingizi uliniruka. Kama hujatia saini, usitie. Kama umeshatia, acha kusoma, nipigie kwanza.

Habari za baba yako na yule jamaa wa bandarini aliyemdhamini sitazirudia. Unazijua, na muhula ule ulioukaa nyumbani unaujua zaidi yangu. Ila mimi nimekaa kwenye kamati ya mikopo ya SACCO mpaka nikastaafu, na sijawahi kumwona mdhamini aliyetia saini akidhani kwamba atalipa. Huja mbiombio saa ya chakula cha mchana, hata kiti hawataki, wanauliza "ni wapi hapa?", wanatia saini, wanarudi kazini. Siku ya pili unayowaona wameshika karatasi ya mshahara, na hiyo siku kiti wanakitaka.

Na hapa kwetu angalau mzigo unagawanywa. Mkopo mmoja una wadhamini watatu au wanne, kila mmoja na kipande chake, na kamati inamjua mkopaji, inajua anakokaa na mkubwa wake kazini. Huko ukidhamini mkopo wa gari peke yako, deni zima ni lako tangu siku ya kwanza. Sheria ya Marekani inamlazimu mkopeshaji akupe karatasi ya onyo kabla hujatia saini, na ndani yake imeandikwa wazi kwamba wanaweza kukudai wewe bila hata kuanza na mwenye kukopa. Waliotunga sheria hiyo waliona watu wakilia. Isome hiyo karatasi, usiipitie tu kwa macho.

Halafu gari si lako. Kama jina lako haliko kwenye hati ya gari, wewe una deni tu, gari ni la mwenzako. Akishindwa, litachukuliwa usiku, litapigwa mnada kwa bei ya kutupa, na kilichobaki mtadaiwa. Utakuwa unalipia gari ambalo analiendesha mtu mwingine kabisa.

Lakini hilo la pesa si ndilo linaloninyima usingizi. Pesa hutafutwa. Ninaogopea rekodi yako ya mikopo.

Ulipofika huko hukuwa na alama mbaya za ukopaji, hukuwa na alama kabisa. Umri wote ule, shahada, cheti cha CRB, wale watunza rekodi za madeni, ulichohangaikia kabla ya kuondoka, vyote havikuvuka bahari. TransUnion, kampuni inayotunza rekodi hizo, iko Nairobi na iko Marekani, jina ni moja, lakini faili yako ya hapa na ya huko hazijuani. Ndiyo maana ukadaiwa amana hadi ya umeme. Ukaweka dola 300 benki ili upewe kadi ya dola 300, jambo ambalo mimi, niseme kweli, nililicheka kwa simu: mtu anakopeshwa pesa yake mwenyewe? Ukanieleza kwamba unainunulia mafuta ya gari tu, hupitishi dola 90, maana ukikaribia kuimaliza wanaona una njaa, na kwamba bili ikija unailipa yote bila kubakiza. Ukangoja miezi 6 ndipo hiyo FICO, wanaopiga hesabu ya alama, ikakupa namba ya kwanza. Kazi ya usiku kwa wazee wa watu, na bado hukuchelewesha bili hata moja. Uliponitumia picha ya simu yenye 718, niliwaonyesha wenzangu wa chama. Sikukwambia. Walitaka kujua ni kati ya ngapi, nikawaambia zinaanzia 300 zinaishia 850, wakanyamaza kwa heshima, ingawa sidhani kama walielewa.

Sasa hesabu na mimi. Sehemu kubwa kuliko zote ya alama hizo, asilimia 35, ni kulipa kwa wakati. Mkopo wa mwenzako utaandikwa kwenye faili yako kama mkopo wako. Akichelewa siku 30, anaweza kuripotiwa, na wewe utaripotiwa pamoja naye. Doa hilo hukaa miaka 7. Huenda usipate hata simu ya kukuonya, ukaja kujua siku unayoomba nyumba ya kupanga. Na hata akilipa vizuri kila mwezi, siku utakapotaka kukopa mwenyewe, mkopeshaji atalihesabu deni lile kwenye mzigo wako. Kwa hiyo akiharibu umeharibikiwa, na akitengeneza umepunguziwa nafasi. Faida yako iko wapi? Shangazi yako nilimuuliza hivyo akasema undugu. Undugu mpe lifti ya kwenda kazini.

Najua utasema Dallas si Mombasa, bila gari hufiki popote, na mtu anatembea kando ya barabara kuu jua linawaka. Najua pia alikupokea ulipofika. Hilo silidharau, na ndilo linalonitia hofu, kwa sababu wewe hujui kusema hapana. Umemrithi baba yako. Mwambie mama amekataa, nilaumu mimi. Niko mbali, hawezi kunifanya lolote. Ukitaka kumsaidia, mpeleke kwenye vile vyama vya akiba na mikopo vya huko, wanaviita kredit yunioni, ambavyo ni SACCO tu zilizovaa suti. Wengine wana mkopo mdogo wa kujengea rekodi: pesa wanaifungia wenyewe, wewe unalipa kidogo kidogo, ukimaliza unapewa. Aanze hapo, kwa jina lake. Na anunue gari kuukuu kwa pesa taslimu.

Hizo kadi nazo usije ukazizoea. Zinatoza zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Sisi tulitoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua na watu walitununia korido nzima. Hapo kwenye bili panapoandikwa malipo ya chini kabisa usipaangalie, pamewekwa hapo kwa ajili ya watu wengine. Na ripoti yako iombe bure kwenye zile kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion. Majina yetu haya wazungu huyachanganya. Baba na babu wakibadilishana nafasi tu, unaweza kukuta deni la mtu usiyemjua.

Jambo la pili ni mdogo wako. Viza ya masomo imetoka, alhamdulillahi, na ataanza muhula wa Agosti. Atafika kama ulivyofika, bila faili. Nimesikia kuna njia ya kumwandika mtu kwenye kadi yako, naye historia yako ikaanza kumsaidia. Nilikuwa nataka umwandike.

Nakuona unavyocheka. Mama aliyeandika kurasa mbili usitie saini, sasa anataka jina. Huyu si mtu baki, na kadi ya dola chache si mkopo wa gari. Lakini sikiliza vizuri: mwandike, halafu kadi itakayokuja kwa jina lake itie kwenye droo yako ufunge. Si lazima aishike ndipo imsaidie, na akiitumia, wa kulipa ni wewe. Hata hivyo subiri kwanza apate kazi ndani ya chuo, ndipo atapewa namba ya Social Security, maana bila namba hiyo rekodi inaweza kukosa pa kujishika. Muhula ukiendelea hawaruhusiwi kupita saa 20 kwa wiki, kwa hiyo asikudanganye kwamba atajilipia kila kitu.

Kuhusu droo nina sababu. Laini yako ya zamani, ile iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, ndiyo anayotumia yeye tangu simu yake ilipoanguka kwenye karai la maji. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ilikuwa imefunguliwa humo. Mara ya kwanza ilikuwa ni tokeni za stima, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo nikamwambia haya fuliza basi, nyumba iko gizani. Baadaye ikawa bando. Nimelipa yote Ijumaa, salio ni sifuri, nimehakikisha mwenyewe. Nitakwenda kuuliza namna ya kuifunga. Usimgombeze, ana mitihani.

HELB, wale wa mkopo wako wa chuo, wamenikumbusha, kwa kuwa mdhamini wako niliyeandikwa ni mimi. Hiyo nayo Marekani hawaioni, lakini hapa faini ni shilingi 5,000 kila mwezi kwa asiyelipa, na jina hupelekwa CRB. Kwa hiyo pesa ya mabati usitume mwezi huu. Peleka huko kwanza. Fundi amekubali kuziba kwa lami pale juu ya jiko, na masika yanaelekea kuisha. Maji bado twanunua kwa mkokoteni. Mpangaji wa chumba cha nyuma amelipa nusu, anasema nusu nyingine Jumatatu, nami nimemwambia Jumatatu ninaijua.

Mguu hauumi sana. Dawa ninameza.

Ukimaliza kuongea na mwenzako nipigie siku hiyo hiyo. Kwenu ikiwa saa moja jioni hapa ni saa tisa usiku, usijali, simu nitailalia. Usinitumie ujumbe wa "mama usijali." Nataka nisikie umemwambiaje, neno kwa neno, na yeye alikujibu nini.

Mamako,
Kisauni